Kujibu Swali Nako Hufundishwa

Wapo walimu wanaokereka wakisikia kipindi kizima kimetumika kufundisha namna ya kujibu maswali ya mtihani. Kwao hiyo ni njia ya mkato: mwanafunzi anakaririshwa utangulizi, hoja sita na hitimisho, anapata cheti bila maarifa. Hofu yao ina msingi. Yapo majibu yanayoanza na fasili ya fasihi ambayo hakuna aliyeiuliza, kwa kuwa mtahiniwa aliambiwa kila insha huanza hivyo.

Hata hivyo, tusome taarifa za uchambuzi wa majibu zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Sababu moja hujirudia: mtahiniwa hakuelewa matakwa ya swali. Katika masomo yanayotahiniwa kwa Kiingereza tumezoea kuilaumu lugha, na kweli ni mzigo kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Mbona basi sababu hiyohiyo inatajwa hata kwenye mtihani wa Kiswahili?

Chukua swali la fasihi la kidato cha nne: thibitisha kauli fulani kwa hoja tatu kutoka kila kitabu, katika vitabu viwili ulivyosoma. Yupo anayesimulia hadithi yote, mwanzo hadi mwisho, na majina ya wahusika hakosei. Kitabu amekisoma, pengine amekipenda. Hajaonyeshwa tu kwamba hoja hutajwa, tukio la kuibeba huletwa, kisha huelezwa jinsi tukio hilo linavyoithibitisha kauli. Hatua hiyo ya tatu ndiyo yenye fikra, na ndiyo inayokosekana. Maksi zinampita anayekijua kitabu, halafu tunamwita mzembe. Huo ni uonevu.

Wazazi wenye uwezo huwanunulia watoto wao mafunzo haya tuisheni. Katika shule nyingi za kata mwalimu anakimbizana na muhtasari wa somo, na insha inarudi na alama tupu.

Wapinzani wako sahihi kwa hili: kiunzi cha jibu kisichoambatana na masahihisho huzalisha kasuku. Basi mwanafunzi arudishiwe jibu lake likiwa na swali pembeni, "hili linathibitisha nini?", aliandike upya. Darasa likiwa kubwa, wabadilishane madaftari na wasahihishane kwa mwongozo uleule anaoutumia mwalimu.