Donne Alitukana Jua: Je, Mapenzi Yalishinda?

Katika "The Sun Rising", mshairi Mwingereza John Donne analishambulia jua. Analiita zee pumbavu, lenye kiherehere na lisilo adabu, linalochungulia madirishani kuwaamsha wapendanao. Liende likawakaripie watoto wa shule waliochelewa, au likawaambie wawindaji wa ikulu kuwa mfalme anataka kutoka. Mapenzi hayajui majira. Saa, siku na miezi ni matambara ya wakati.

Wapo wanaoona hapo chuku tupu. Mhakiki Mwingereza Samuel Johnson, katika karne ya 18, aliwalaumu washairi wa kimetafizikia, yaani Donne na wenzake wa karne ya 17 waliopenda tamathali za kushangaza, kwa kuyafunga nira moja kwa nguvu mawazo yasiyohusiana. Na kweli, hoja za nafsineni, yaani sauti inayozungumza katika shairi, zinapwaya. Anajigamba kuwa anaweza kuizima miale ya jua kwa kufumba macho, ilhali anayebaki gizani ni yeye. Andrew Marvell, mshairi mwingine wa kundi hilo, alikuwa mkweli zaidi katika "To His Coy Mistress" alipokiri kwamba wapendanao hawawezi kulisimamisha jua, ila wanaweza kulikimbiza.

Hata hivyo, nadhani lawama hiyo haijausoma mshororo unaofuata. Nafsineni hafumbi macho, kwa kuwa hataki kukosa kumwona mpenzi wake hata kwa muda huo mfupi. Kumbe anajua majigambo yake yana mpaka, tena anamwona mpenzi kwa mwanga wa jua lile lile analolifukuza! Ndiyo maana ubeti wa tatu unabadilika toni. Jua limezeeka, linastahili kupumzika. Kazi yake ni kuupa ulimwengu joto, basi likiwapasha wao wawili limeshaimaliza. Lililofukuzwa sasa linakaribishwa chumbani, kitanda kiwe kitovu chake na kuta ziwe mzingo wake. Huo si ushindi wa vita. Ni mapatano, na mimi nayaona mazito kuliko ushindi.

Maisha ya Donne yanaongeza uzito huo. Desemba 1601 alimwoa Anne More kwa siri, bila ridhaa ya baba yake binti. Akafungwa kwa muda, akapoteza kazi ya ukatibu kwa Thomas Egerton, ofisa mkubwa wa serikali. Wengi hulikadiria shairi kuwa la baada ya 1603, alipotawazwa James I, mfalme aliyependa mno uwindaji. Kama ni hivyo, anayesema ulimwengu wote umo chumbani ni mtu ambaye ulimwengu wa nje ulikuwa umemfungia mlango.

Ila kuna lawama moja nisiyoweza kuipangua. "Yeye ni nchi zote, mimi ni wafalme wote," anasema nafsineni. Mwanamke ni ardhi, mwanamume mtawala; ni utajiri wa Indi zote mbili, ya Mashariki yenye viungo na ya Magharibi yenye migodi, katika zama ambazo Waingereza walikuwa wameshaunda kampuni ya kwenda kuusaka utajiri huo, mwaka 1600. Mwanamke huyo hasemi neno hata moja katika mishororo yote 30. Kusema hiyo ndiyo iliyokuwa desturi hakunitoshi, kwa sababu katika "The Good-Morrow" Donne huyu huyu aliandika kwamba kila mmoja wa wapendanao ana ulimwengu na kila mmoja ni ulimwengu, na uso wa kila mmoja unaonekana jichoni mwa mwenzake. Usawa aliujua vizuri. Katika shairi hili akachagua ufalme.