Vikombe vitatu havijazeeka
Mwandishi mmoja anadai kuwa mfanya mazingaombwe anayepanda jukwaani leo na kofia ndefu nyeusi, au na vikombe vitatu na vipira vinavyotoweka na kutokea chini yake, amepitwa na wakati, na kwamba vifaa hivyo vipelekwe makumbusho. Sikubaliani naye hata kidogo. Mchezo huo wa vikombe, mwanafalsafa Seneca wa Roma aliutaja katika barua zake karibu miaka 2,000 iliyopita, akasema akishaijua siri yake hamu inamwisha. Sasa Penn na Teller, wafanya mazingaombwe wa Marekani, huucheza kwa vikombe vya plastiki vinavyoonyesha kila kilichomo ndani, na bado jicho linaachwa nyuma, kwa sababu kazi iko mkononi na mdomoni, haiko kwenye kikombe. Kofia ndefu nyeusi, hapo namwachia: Robert-Houdin, mfanya mazingaombwe Mfaransa aliyefungua ukumbi wake Paris mwaka 1845, alivaa kama watazamaji wake walivyovaa, basi anayemheshimu avae kama watu wa leo. Lakini vikombe! Mimi niliviona shuleni nikiwa darasa la nne, juu ya dawati tupu, na mpaka leo nakiona kile kipira kikitokea pale nilipoapa hakipo. Wenzangu, mchezo wenu wa kwanza ulikuwa wa kifaa gani?