Posho ya Kukojoa

Jamani, mimi nina miaka hamsini na ushee, na tangu nijue kufunga mlango wa choo hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Sasa njoo kwangu Kimara uone. Kuna mbwa, akikojoa nje analipwa firigisi! Zimechemshwa bila chumvi, zimekatwa vipande vidogo vidogo, zimo kwenye kikopo ambacho mke wangu ameandika kwa kalamu nyekundu: BABA REHEMA USIGUSE, ZA TAJIRI.

Tajiri ndiye huyo mbwa. Jina kapewa na mdogo wake Rehema. Rehema mwenyewe anasoma udaktari wa mifugo SUA, Morogoro, na ndiye aliyemtoa kwenye banda la wasamaria wanaookota mbwa wa mitaani. Si kitoto, ni mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Siku ya kwanza kaingia sebuleni, kanusa zulia, kanusa meza, akanitazama machoni kwa adabu zote, akainua mguu kwenye spika.

Nikavua kandambili. Rehema akanidaka mkono.

"Baba, ukimpiga hajifunzi kwamba mkojo ni wa nje. Anajifunza asikojoe mbele yako. Ukimtoa nje atabana, maana upo, halafu atakwenda kumaliza nyuma ya kochi."

Akaendelea: kule bandani alilala kwenye saruji, akala kwenye saruji, akakojoa kwenye saruji hiyo hiyo. Kwa hiyo kwake sakafu ngumu ndiyo choo. Vigae vile nimeviweka kwa mkopo wa Saccos, bado nakatwa!

Basi nikaachiwa ratiba. Atolewe akiamka, akishakula, akishacheza, na kabla ya kulala. Mtoa ratiba huyo, karudi chuo. Mdogo wake ana shule. Mama mtu anasema yeye mbwa hakumwomba. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri niko nje ya geti na msuli wangu, kikopo mkononi, namngoja Tajiri achague nyasi. Ananusa. Anazunguka. Anachuchumaa kidogo... pikipiki inapita, kasahau shughuli nzima. Tunaanza upya.

Na usidhani unalipa unavyotaka. Ukimsifu katikati anakata mkojo aje kuchukua chake, halafu salio analimalizia ndani. Ukichelewa mpaka mmerudi mlangoni, anaamini amelipwa kwa kuingia mlangoni. Inatakiwa akimaliza tu, palepale, firigisi mdomoni na sauti ya furaha. Nami sauti ninayo. "Safi Tajiri! Tajiri kakojoa! Hongera Tajiri!" Vijana wa bodaboda pale kijiweni waligeuka wote kwa pamoja, maana kila mmoja ana tajiri wake anayengoja hesabu jioni.

Mzee Salum alikuwa anatoka msikitini. Yeye mbwa akilamba chombo chake anakiosha mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo hupita upande wa pili wa barabara. Siku hiyo alisimama hukohuko akanipa pole kwa sauti. "Jirani, wajukuu zangu wote nimewalea, hakuna niliyemshangilia hivyo."

Ndani nako tumefungwa kamba, mimi kiunoni yeye shingoni, ili asipate nafasi ya kujificha. Nikienda jikoni twende, nikienda chooni ananikodolea macho, nadhani anangoja kuona nani atanilipa. Siku ya Simba na Yanga niliruka goli lilipoingia, naye akaruka, na kwa furaha yake akalowesha zulia. Kupangusa hakutoshi, harufu ikibaki anarudi palepale. Dawa yenye amonia ndiyo haifai kabisa, kwa pua yake inafanana na mkojo. Rehema kaniambia kwa simu nitumie siki na maji. Sebule yangu sasa inanukia kachumbari.

Lakini niseme ukweli, kaelewa. Akibanwa anakwenda mlangoni, anakwaruza, ananitazama. Tatizo kaelewa mpaka ya ziada. Akitoka anadondosha matone mawili, anakuja kudai. Kapewa. Anakwenda mti wa pili, matone mawili, anadai. Mkojo mmoja vikao vinne, na kila kikao kina posho yake! Hata bungeni hawajafika huko.

Nikampigia binti. Akasema subiri amalize kabisa ndipo ulipe, na kwa vile amekwisha kuzoea, anza kupunguza taratibu: leo firigisi, kesho sifa tupu, asijue lini ni lini. Nikafurahi. Jana asubuhi kakojoa mkojo wa maana, mrefu, nikampa sifa tupu. Akakaa. Akaangalia kikopo. Akaniangalia. Kisha akageuka kuelekea ndani, polepole, moja kwa moja kwenye spika.

Nimerudisha posho, na malimbikizo nimelipa.