Bastola ya kiganjani haikutoi kwenye kabari

Wiki iliyopita, pale kijiweni kwetu Mwanjelwa, Mbeya, habari ilikuwa moja: wakala wa miamala kapigwa kabari ya shingo, kaporwa akifunga kibanda. Kaka mmoja tunayemheshimu akatoa simu, akatuonyesha video ya derringer. "Dawa yao hii hapa." Kibastola chenyewe kizuri kweli, kinang'aa, mitutu miwili imelaliana, kinaingia kiganjani kama kikopo cha ugoro. Watu wakaitikia. Mimi nikaunguza ulimi na kahawa.

Nasema haya kwa sababu kabari sijasimuliwa, nimepigwa. Mwaka juzi mwezi wa saba, saa 11 alfajiri, nawahi gari Uyole. Baridi ile ambayo mtu wa Dar haelewi hata ukimchorea: sweta, koti, na juu yake mtandio wa mke wangu, msinicheke. Hatua sikuzisikia. Nilishtukia mkono shingoni, na mikono yangu yote miwili ikapanda yenyewe kuung'ang'ania. Yenyewe! Mwili ukikosa hewa hauombi ushauri. Napiga magoti, mwenzake keshamaliza mifuko. Simu na shilingi 180,000 za mbolea zikaenda.

Sasa nielezeni, hiyo derringer ingetokaje? Mkono uache shingo kwanza, uingie ndani ya koti, upapase kidude ambacho hata pa kukishika hapatoshi, kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ukishakitoa bado hakiko tayari. Nyingi za aina hii lazima uzikoki kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, na triga yake ni ngumu kuliko mnavyoiona kwenye video. Mpini unatosha vidole viwili, kwa hiyo kikilia kinakurukia. Una risasi mbili. Ukizikosea zote, unafungua mitutu, unatoa maganda, unapachika nyingine mojamoja. Vibaka watakusubiri, bila shaka. Labda watakumulikia na tochi.

Halafu eti "ni ya karibu". Neno hilo ndilo linaloniudhi. Aliye mita ishirini unaweza kumkimbia, kumpigia kelele, hata kumrushia jiwe. Aliyekushika shingo hakupi muda wa kitu chochote kinachohitaji hatua tatu.

Na huo umaarufu wake umetoka wapi? Kwa Henry Deringer, fundi wa Philadelphia, mwenye r moja. Ya pili imekuja na walioiga. Yake ilikuwa gobore la mfukoni tu. Watu wa Chunya wangelitambua mara moja: unashindilia baruti na risasi mdomoni mwa mtutu, unaweka fataki, unapiga mara moja, basi. Tarehe 14 Aprili 1865 John Wilkes Booth alimpiga nalo Abraham Lincoln, rais wa Marekani, ndani ya Ford's Theatre, Washington. Lincoln amekaa, anatazama mchezo, kampa kisogo. Huko ndiko kujihami? Meja Henry Rathbone, aliyekaa na Lincoln, alipomrukia, Booth hakuwa na risasi nyingine, akachomoa kisu. Mtu aliyepanga mwenyewe, akachagua saa na kiti, bado kisu kilimhusu! Baadaye Remington wakatoa ya mitutu miwili, wakaitengeneza kuanzia 1866 hadi 1935. Maendeleo yenyewe ni risasi moja ya ziada.

Haya, nakubali, tena shingo upande. Ni nyepesi kufichwa, na haina mambo mengi ya kukwama. Ukiigandamiza kwenye mwili wa mtu bado inalia, wakati bastola ya magazini ikisukumwa kwa mbele inaweza kugoma. Nimemaliza kuisifu.

Kuhusu kibali sisemi sana. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015 mnaijua. Ukikutwa na isiyosajiliwa, wewe unalala ndani, kibaka analala kwake.

Kinachonitisha zaidi ni koti. Koti langu hutundikwa nyuma ya mlango, na watoto wangu hulipekua kila jioni wakitafuta sarafu za kununulia karanga. Zile za kizamani zikidondokea nyundo zinaweza kulia bila mtu kugusa triga. Kila nikifika hapo hamu ya kubishana inaniisha.

Kaka yetu, lakini, hakukubali. Basi nikamwambia: "Kaka, weka kiberiti cha gesi mfuko wa ndani wa koti. Nakukaba kidogo tu, wewe kitoe ukiwashe." Akacheka, akageuka, kikombe mkononi. Nikamkaba. Kahawa ikaruka, mikono yote miwili ikapanda shingoni, kiberiti kikabaki kimelala mfukoni kama kilivyowekwa.

"Hukuniambia kama umeanza," akasema, anajipangusa koti.

Kikombe nimelipa mimi.