Anni Albers hakuwa "mke wa mchoraji" tu

Mwandishi, katika makala yako kuhusu mfumaji Anni Albers umetuandikia aya nne kuhusu mumewe, mchoraji Josef, kabla ya kufika kwa Anni, kisha unasema "naye alifuma". Haya!

Huyu mama aliingia Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, mwaka 1922, na ufumaji haukuwa chaguo lake. Wanawake walikuwa wakisukumwa huko. Lakini tazama alichofanya: kwa ajili ya diploma yake mwaka 1930 alifuma kitambaa cha ukuta wa ukumbi kule Bernau, pamba upande mmoja wa kumeza mwangwi, selofani (karatasi laini inayong'aa) upande wa pili wa kurudisha mwanga. Kazi ilianzia kwenye swali la ukumbi unahitaji nini. Urembo ukafuata wenyewe.

Ndivyo alivyofundisha pia Black Mountain College, Marekani, kuanzia 1933. Aliwataka wanafunzi waguse malighafi kwanza, wajue uzi unakubali nini na unakataa nini, ndipo wafikirie mchoro. Mimi nafuma, na kwa miaka nilianza na karatasi na penseli. Mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, vilikuwa watumwa wa mchoro wangu. Vitambaa vilitoka vigumu kama maboksi.

Halafu hukutaja kabisa kwamba wafumaji wa kale wa Peru ndio aliowaita walimu wake. Wala mikufu aliyotengeneza na mwanafunzi wake Alex Reed kwa washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu vya kuweka chini ya nati) na vibanio vya karatasi! Hiyo peke yake ingetosha makala nzima.