Somo lianzie kwenye meseji ya tapeli

Huku Tallinn, Estonia, nasaidia kufundisha usalama wa taarifa chuoni, huu mwaka wa tatu. Wiki ya kwanza tu mwanafunzi anapewa mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, na kuambiwa: ivunje. Akiiharibu anaifuta, anawasha nyingine.

Mimi nilisoma Dodoma, na somo hilohilo tulilikariri. Usiri, uadilifu (taarifa zisichezewe), upatikanaji. Ukiviandika kama vilivyo kwenye notisi, umefaulu. Maabara ilikuwapo, ila ukigusa kitu nje ya maelekezo unakumbushwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Simlaumu sana msimamizi. Kompyuta zikifa, nani angezifufua?

Kwa vifaa wametuacha mbali, hilo sibishi. Aprili 2007 Estonia ilishambuliwa mtandaoni, tovuti za benki, magazeti na serikali zikalemewa. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, ndiyo kwanza kinaanzishwa pale Chimwaga. Wenzetu waliamka mapema.

Lakini wanafunzi wangu wa huku wamebebwa na mfumo. Kitambulisho kina chipu na PIN mbili, moja ya kuingia, nyingine ya kutia sahihi. Waulize kuhusu hesabu za kuficha ujumbe, watakujaza ubao. Waulize mtu anadanganywaje, wanajibu kwa mkato, kana kwamba swali ni la idara nyingine.

Kijana wa mwaka wa kwanza Dodoma hana mkato huo. Meseji ya "Ile hela tuma kwenye namba hii" kaipata hata kabla hajamaliza fomu six. Mmoja alinieleza vizuri kuliko kitabu chochote: tapeli hajui kama unadaiwa, anatuma kwa watu kibao, na kati yao hakosekani mmoja ambaye asubuhi ile alikuwa anataka kumtumia mwenye nyumba kodi. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likikaribia kutoka, anabadilisha maneno. Huo ni utafiti, jamani, na upo bure mfukoni mwa kila mwanafunzi.

Nilipokuja likizo nilimsindikiza mama kwa wakala wa pesa za simu, Nkuhungu, hapohapo Dodoma. Akamkabidhi binti wa kibandani simu, akamtajia na namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia.

"Mama!"

"Nini? Macho yangu hayaoni hivyo vinamba. Na huyu si mwanangu tu?"

Sikuwa na jibu. Notisi zangu zote zinasema usimpe mtu namba ya siri, hakuna inayosema mtu asiyeona vizuri afanyeje. Kumpigia mama kelele hakusaidii. Mwenye kujibu ni aliyetengeneza ile menyu, na watengenezaji wajao ndio hao wamekaa darasani wanakariri.

Desemba nikija nimeomba saa mbili na darasa moja la mwaka wa pili. Sitakwenda na slaidi. Meseji za matapeli zirusheni 15040, namba ya kuripoti utapeli, kama kawaida, ila msizifute kwenye simu. Njooni nazo.