Mashine ya kusoma vinasaba isogezwe kwa bwana shamba

Kazi za Laura Boykin nimezifuatilia muda sasa na kwa kweli huku kwetu hazizungumzwi vya kutosha, wakati zinagusa chakula chetu cha kila siku, muhogo. Huyu mama ni Mmarekani, mtaalamu wa baiolojia ya kompyuta, alifanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Western Australia kule Perth. Utafiti wake ulianzia kwa inzi weupe, wale wadudu wanaoeneza virusi vya muhogo, ambao ukitikisa jani wanatimka kama vumbi la unga. Watafiti wa wadudu hawa, yeye akiwemo, wameonyesha kwamba Bemisia tabaci tuliyedhani ni mdudu mmoja kumbe ni kundi la spishi zaidi ya 30 ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha, lazima usome vinasaba vyake.

Ila kilichonigusa zaidi ni ile kazi ya 2019 waliyoiita Tree Lab, yaani maabara ya chini ya mti. Boykin na wenzake wa Tanzania, Uganda na Kenya, akina Joseph Ndunguru, Titus Alicai na Elijah Ateka, walibeba vifaa hadi kwenye mashamba matatu ya wakulima wadogo, moja kila nchi, hakuna umeme wa gridi, intaneti shida, jua linawaka, wakachukua majani, shina, muhogo wenyewe mpaka wadudu, na kutoka kufika shambani hadi kupata majibu ya awali ya virusi vilivyomo haikuzidi saa 3. Saa 3 jamani! Kwa njia tuliyozoea sampuli inafungwa, inasafirishwa, wakati mwingine nje ya nchi, majibu yakirudi mkulima ameshang'oa na ameshapanda tena pingili zilezile mbovu.

Mashine yenyewe ni MinION ya kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza, haifiki gramu 100, inaenea kiganjani. Ndani yake kuna vitundu vidogo mno vya protini ambavyo mkondo wa umeme unapita, uzi wa DNA ukipenya kwenye kitundu ule mkondo unabadilika kulingana na herufi za vinasaba zinazopita, kompyuta inasoma mabadiliko hayo inapata herufi. Vifaa vyote vinaendeshwa kwa betri.

Kwa nini nalilia kasi hivi? Kwa sababu muhogo unakatiwa pingili na jirani, shangazi, mtu wa kijiji cha pili, na ugonjwa unasafiri humohumo ndani ya pingili. Magonjwa makubwa ya virusi ni mawili. Batobato angalau unaiona, jani limejikunja lina madoa ya njano. Michirizi ya kahawia ndiyo mbaya, shamba unaweza kuliona la kijani limependeza, siku unakata muhogo ndani umekauka kahawia na umeoza, hata kuku humpi.

Na haya si magonjwa ya kuletewa habari zake kutoka mbali. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza 1894 kutoka huku Tanzania ya leo, michirizi 1936 na mtafiti Storey akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Batobato ina zaidi ya karne sasa!

Kuna wanaosema PCR, kile kipimo cha maabara kinachotafuta kipande maalumu cha vinasaba, inatosha na ni rahisi zaidi. Sawa, lakini PCR ya kawaida inakujibu ulichouliza tu. Miaka ya 1990 batobato iliposambaratisha mihogo Uganda, waliposoma vinasaba walikuta kirusi kilichochanganya vipande vya virusi viwili tofauti. Kitu kipya kama hicho unaweza ukakikosa kama unatafuta kile unachokijua tayari, ila ukisoma kila kilichomo kwenye sampuli kinajitokeza.

Kazi bado ipo, sibishi. Tree Lab ilisoma DNA, kwa hiyo ikakamata batobato, lakini virusi vya michirizi ni vya RNA, aina nyingine ya uzi wa vinasaba, na vinataka hatua ya ziada ya kuibadili kuwa DNA kwanza. Halafu kuna ile flow cell, sehemu ya mashine inayochakaa ukishaitumia, inauzwa mamia ya dola, inaagizwa nje na inatunzwa kwenye friji. Hapa ndipo miradi mingi inaponiudhi, watu wanaachiwa mashine nzuri, picha zinapigwa, fedha za mradi zikiisha hakuna wa kununua flow cell na kemikali, mashine inakaa kabatini na kijana aliyefundishwa kuitumia anarudi kujaza makaratasi. Hivyo vitu viingie kwenye bajeti ya kilimo ya serikali kila mwaka kama inavyoingia ruzuku ya mbolea.

Mimi ningeanza na wazalishaji wa pingili, maana shamba moja la mbegu linalisha vijiji vingi. Wataalamu wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, vituo vya Mikocheni na Kibaha wapo, mabwana shamba wa Mkuranga na Rufiji wafundishwe kuchukua sampuli, na majibu apewe mwenye shamba kwanza, papo hapo, kabla fuso halijaja kupakia.